Siwa Mia Tatu na Moja za Mwana Tausi

Ulipolikunja gazeti wiki iliyopita, msomaji wangu, Bi Mwanahija alikuwa ameshika mkasi, amekata kamba ya boksi la mwisho, na amekaa sakafuni bila kupenda. Angeachaje kukaa? Mbele yake, katika stoo yake ya ghorofa ya tano pale mtaa wa Yide Lu, Guangzhou, zilikuwa zimelala siwa mia tatu na moja za shaba. Mia tatu ni kazi ya kiwanda. Moja ni ya bibi yake mkuu, Mwana Tausi, aliyetawala mji wa Makutwe zama ambazo Mreno hajajua njia ya kuja kwetu.

Ipi? Hapo ndipo tulipoachana.

Kwa aliyelifungia gazeti maandazi kabla hajalisoma, nitasema kwa ufupi. Mwana Tausi aliacha watoto wa kiume wawili, kila mmoja na baba yake. Tangu afe, nyumba ya Mkubwa ndiyo inayoitunza siwa, ile pembe ndefu inayotangulia harusi za ukoo, na nyumba ya Mdogo ikiwa na harusi huja kuiazima kwa kujipendekeza. Mwanahija ni wa nyumba ya Mkubwa. Jumapili hii binti yake Ilham anaolewa na Abubakary wa nyumba ya Mdogo, hapa hapa Guangzhou, na baba yake Abubakary ametoa sharti moja tu: bibi harusi aje na siwa, na siwa isirudi.

Mwanahija akakubali kwa tabasamu. Kisha akamfungia laoban Guo, bosi wa kiwanda, siwa ya kweli kama sampo, yaani mfano wa kuiga, aitolee pacha. Pacha angepewa mkwe. Ya kweli ingerudi Unguja sandukuni kabla kaka yake hajajua kwamba sanduku li tupu.

Mpango mzuri, ila kiwanda cha Guangzhou hakitengenezi kitu kimoja. Ukitaka kimoja, unachukua mia tatu.

"Mikaeli," Mwanahija alisema kutoka pale chini, "muulize sampo yangu iko wapi."

Mikaeli ni wakala wake wa kago, mtu wa Njombe, mrefu, mpole, aliyesoma chuo hapa mpaka Kichina kikamzoea. Mwanahija mwenyewe Kichina chake ni cha sokoni: anajua kuuliza bei, kukataa bei, na kuondoka kwa hasira ili aitwe. Mikaeli aliuliza. Laoban Guo akajibu kwa kirefu, uso wote unacheka.

"Anasema imo humo humo. Aliona si vizuri mama mtu mzima alipie usafiri wa boksi la pekee."

"Mwambie anionyeshe."

"Anasema hawezi. Anasema hiyo ndiyo sifa ya kiwanda chake."

Mwanahija alisimama, akakung'uta buibui. Mwanamke wa nyumba ya Mkubwa hakai sakafuni mbele ya watu, hata kama watu wenyewe ni wakala na laoban.

"Yetu ina ufa," alisema. "Hapa, karibu na mdomo."

Ufa huo una heshima yake. Mwana Tausi aliolewa mara tatu. Mume wa kwanza alikufa kwa kula kasa. Wa pili alitumwa ng'ambo kununua nguo, na meli yake ilipotweka tu, mke akaamuru lango la mji lifungwe na lisifunguliwe tena kwa mtu wa sura ile. Wa tatu alikuwa mfanyabiashara wa pembe kutoka bara, na huyo siku moja alisinzia barazani mke wake akihukumu kesi, tena akakoroma. Malkia hakusimamisha kesi. Alinyoosha mkono, akaichukua siwa, akampiga nayo ya kichwa, kisha akaendelea kuhukumu. Siwa ikapata ufa na mume akapata adabu.

Mwanahija aliinua siwa ya kwanza. Ufa. Akainua ya pili. Ufa. Akazirukia za nyuma, za chini, za pembeni. Ufa, ufa, ufa, kila mmoja mahali pake, kila mmoja na kijipinda chake mwishoni.

"Anasema huo ufa ndio uliowatoa jasho," Mikaeli alitafsiri kwa sauti ya msibani. "Fundi mmoja mgeni alitaka kuuziba. Akakaripiwa."

"Harufu basi. Yetu inanuka udi. Haiwezekani wakatengeneza harufu."

Alinusa moja. Udi. Akanusa nyingine. Udi. Laoban Guo alipoona ananusa alifurahi sana, akatia mkono mfukoni, akatoa kichupa kidogo na kukiinua watu wote wakione.

"Anasema sampo ilikuwa na harufu," Mikaeli alisema, "na mteja hakusema iondolewe."

Sasa wewe msomaji mwenye akili zako utasema, si atoe yoyote tu ampe mkwe? Mwanahija naye aliwaza hivyo. Lakini atakayopeleka nyumbani ni ipi? Ataifungia sandukuni kazi ya laoban, aifukizie udi kila mwezi, akifa awarithishe watoto wa kaka yake, na siwa ya Mwana Tausi iwe imeyeyushwa masufuria? Hilo lilimtia hofu ya kweli. Na upande wa pili alikuwapo Ilham. Ilham ana miaka thelathini na moja, ameshakataa wachumba mpaka mashangazi wamechoka kuwataja, na huyu Abubakary ndiye wa kwanza ambaye hakumkataa. Alinyamaza tu, na kwa mwari wa nyumba yao kunyamaza ni kukubali. Mwanahija alikuwa akimpenda mwanawe kuliko alivyoweza kumwambia. Harusi hii ikivunjika hakujua kama ataona nyingine.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Ilham mwenyewe na mfuko mkubwa wa nguo za harusi kutoka soko la nguo la Shisanhang.

"Mama, hizi ni nini?"

"Zawadi za wageni."

Ilham alizitazama siwa kwa muda, kisha akamtazama laoban Guo, kisha akaketi juu ya boksi na kuanza kukunjua magauni.

"Wageni wana bahati," alisema.

"Tutazipuliza," Mwanahija aliamua. "Siwa ya Mwana Tausi haitoi sauti ila kwa damu yake. Hiyo haitengenezwi kiwandani."

Hapa lazima niseme jambo ambalo familia haipendi lisemwe. Tangu afe mpulizaji wa mwisho wa ukoo, hakuna aliyeipuliza siwa ile. Kwenye harusi inatangulizwa mbele imefunikwa kitambaa cha kijani, na sauti inatoka kwenye simu iliyofichwa chini ya kitambaa. Mwaka mmoja simu ilipigwa katikati ya maandamano, bibi harusi akaingia ukumbini kwa mlio wa simu ya mtu anayedai mashine yake ya kusaga. Watu walipiga vigelegele hivyo hivyo.

Mwanahija aliweka mdomo kwenye tundu la ubavuni, akapuliza kama anayepoza uji. Pembe ikatoa upepo. Akachukua ya pili, upepo. Ya tatu, upepo na mate. Akapuliza mpaka ushungi ukalegea na macho yakaona nyota. Ilham akaitwa, akapuliza moja kwa adabu, akairudisha.

"Pengine na sisi si damu yake," alisema.

"Nyamaza, mtoto wewe."

"Mama, samahani," Mikaeli aliingilia. "Haipulizwi hivyo. Midomo unaifinya. Mimi kule usharikani kwetu nilikuwa kwenye kundi la matarumbeta, besi, miaka yote ya sekondari. Naomba nikuonyeshe."

Alichukua siwa iliyokuwa karibu, yoyote, akaipangusa kwa mkono wa shati, akafinya midomo.

Sauti iliyotoka iliwafanya wauza midoli wa chini waache kupiga bei. Ilikuwa nzito, pana, ya kutetemesha vioo. Laoban Guo akaziba masikio. Mikaeli, kwa kuwa mtu akishaanza jambo la ujana wake haachi katikati, akaunganisha na mwito wote wa kufungulia ibada ya Pasaka. Akaiweka chini, akachukua nyingine. Nayo ikalia. Ya tatu ikalia zaidi.

"Zote zinalia," Mwanahija alisema, na sauti yake yeye haikutoka.

Nje, kwenye korido, mtu akapiga kelele: "Allahu akbar."

Ilikuwa sauti ya Bwana Abdulsalam, baba yake Abubakary. Alikuwa aje baada ya alasiri, lakini alikuwa amewahi, yuko maduka ya chini akinunua pweza mkavu, akaisikia siwa ya bibi yake ikimwita kutoka ghorofa ya tano.

"Ilham, turubai," Mwanahija alinong'ona.

Ilham alivuta turubai na kuitandaza juu ya rundo lote, bila haraka, kama anayefunika chakula. Rundo likabaki na vilima. Mwanahija akamshika laoban Guo mabega, akamkalisha juu ya kilima kikubwa na kumwashiria atulie. Laoban akatulia. Nje ya turubai siwa moja tu ilibaki, nayo ilikuwa mdomoni mwa Mikaeli.

Abdulsalam aliingia na mfuko wa pweza. Ni mtu wa Dar es Salaam, mnene, mwenye kofia safi na marashi yanayomtangulia. Alisimama, akaitazama ile siwa, akamtazama aliyeishika.

"Nani kaipuliza?"

"Mimi, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Mikaeli. Wa kago."

"Sikukuuliza kazi. Nimekuuliza damu."

Mikaeli akamtazama Mwanahija. Mwanahija akatazama dari.

"Bi Mwanahija," Abdulsalam alisema polepole, "mimi na wewe tumelelewa na hadithi moja. Siwa ile haimlilii mgeni. Basi mambo ni mawili. Ama kijana huyu si mgeni, ama hiyo si siwa."

Hapo maji yalizidi unga. Mwanahija akisema si siwa, harusi imekwisha. Akisema ni siwa, basi wakala wake wa kago ni mjukuu wa malkia. Alivuta pumzi ambayo hakuwa nayo.

"Huyu si mgeni," alisema.

Mikaeli akafungua mdomo, na Mwanahija akamkanyaga mguu.

"Unamkumbuka mume wa tatu," aliendelea, "yule wa bara, aliyepigwa. Alipoondoka kwa hasira hakuondoka peke yake. Alimchukua binti yao mdogo. Haya, yule binti alikulia wapi, aliolewa wapi? Nimetafuta miaka mingi, Bwana Abdulsalam. Nimempata wa uzao wake. Njombe."

Msomaji, wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Mwanahija siku hiyo ilikuwa fupi kuliko korido. Alitegemea Abdulsalam acheke, au abishe, wabishane mpaka jioni ipite. Abdulsalam hakucheka. Macho yake yalijaa machozi. Akaweka mfuko wa pweza chini, akavua kofia.

"Kwenu mnaihadithia hiyo?" aliuliza.

"Ipi?"

"Ya wasia. Kwetu tunaihadithia tangu mtoto hajaota meno. Mwana Tausi kitandani pake aliwaita wanawe wawili. Akawaambia, siwa hii nawashikisha tu. Dada yenu akirudi, au wa tumboni mwake akirudi, mpeni. Na aliye nayo ndiye mwenye kuruhusu ndoa za damu yangu. Mkiozana bila ruhusa yake, mmeozana vichakani."

Mwanahija aliijua. Nyumba ya Mkubwa nzima inaijua, na ndiyo sababu haihadithiwi.

Abdulsalam alipiga hatua mbele, akainama na unene wake wote, akaubusu mkono wa Mikaeli.

"Mtukufu," alisema. "Umechelewa, lakini umefika."

"Mzee, mimi Mlutheri."

"Bara ni mbali, Mtukufu. Mambo hutokea."

Juu ya kilima chake laoban Guo alipiga makofi, maana aliona mteja anabusu bidhaa.

Naye Mwanahija, unadhani alilia? Aliwaza haraka, na kila alivyowaza roho ilimtulia. Kwani amepoteza nini? Mkononi mwa Mikaeli kuna shaba ya laoban, bila shaka. Ya kweli iko chini ya turubai, ataitafuta kwa nafasi. Mwenye kuruhusu ndoa sasa ni wakala wake mwenyewe, mtu anayekula kwake pilau kila Ijumaa. Na mkwe analia kwa furaha. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Alijisikia mwepesi kama msichana, akajiona yeye ndiye Mwana Tausi, lango amefunga na ufunguo anao.

"Mtukufu," alisema, huku anakonyeza mpaka jicho likatoa maji, "watoto wetu wanataka kuoana Jumapili. Tunaomba ruhusa yako."

"Tunaomba," Abdulsalam akaunga mkono, kofia kifuani.

Mikaeli alisimama na siwa kubwa mikononi. Nimekwambia ni mtu mpole. Angeweza kusema ndiyo, akarudi kwenye makontena yake. Lakini alikuwa mtoto wa mzee wa kanisa, na kwao jambo la ndoa haliulizwi upande mmoja. Aligeuka kwa aliyekuwa amekaa juu ya boksi.

"Dada Ilham, wewe unasemaje?"

Hebu na wewe rudi nyuma, pekua magazeti yako kama hukuyafungia maandazi. Baba wa bwana harusi ameulizwa. Laoban ameulizwa mpaka habari za fundi wake. Kuna yeyote aliyemuuliza Ilham?

Ilham aliacha kukunja gauni. Alimtazama Mikaeli kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.

"Mimi?" alisema.

Hakuwahi kuendelea. Simu ya laoban Guo ililia. Walikuwa wakimtafuta Pazhou, kwenye maonyesho ya biashara, ambako banda lake lilijaa wateja na yeye hayupo. Laoban aliruka chini. Turubai ikamfuata. Kwanza ikateleza siwa moja, ikagonga sakafu. Ikaja ya pili. Kisha kilima chote kikatembea, shaba juu ya shaba, zikabingirika mpaka mlangoni, mpaka miguuni kwa Abdulsalam, mpaka moja ikaingia ndani ya mfuko wa pweza na kukaa humo.

Abdulsalam aliokota moja. Akaigeuza, akauona ufa. Akainusa. Akaokota nyingine. Alifanya hivyo mara kadhaa, na kila mara uso wake ulizidi kuwa wa mtu mzee.

"Bi Mwanahija," alisema. "Ulikuwa unipe hii?"

"Bwana Abdulsalam, nisikilize."

"Mbele ya watu, ukumbini, mimi nainuliwa siwa ya mama yetu, kumbe ni bidhaa ya dukani. Na huyu?" Akamnyooshea kidole Mikaeli. "Huyu naye mmemtengeneza wapi?"

"Mimi ni wa Njombe kweli, Mzee," Mikaeli alisema.

"Harusi hakuna. Mwambieni laoban azirudishe kiwandani, na mimi namrudisha kijana wangu nyumbani kwangu."

Mwanahija alikaa tena pale pale sakafuni, safari hii bila kujali nani anaona. Alilia. Alilia kwa sauti, kilio cha mtu aliyezoea kushinda.

"Nilitaka vyote viwili," alisema. "Nilitaka mtoto aolewe, na nyumba yetu isife mikononi mwangu. Nimevikosa vyote."

Laoban Guo alikata simu. Aliona mteja wake analia katikati ya mzigo, na mzee mwenye kofia amekasirika, na kwa mtu wa kiwanda jambo kama hilo lina maana moja tu: ubora umelalamikiwa. Akaanza kusema kwa haraka. Aliokota siwa, akaigonga ili wasikie shaba, akaonyesha ndani ya tundu, akajigonga kifua, akamtaja baba yake. Mikaeli alisikiliza. Kadiri alivyosikiliza ndivyo alivyorudi nyuma, mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Anasema nini?" Mwanahija aliuliza.

"Hakuna kitu, Mama. Mambo ya kiwanda."

"Tafsiri," Abdulsalam alisema. "Mtukufu au si mtukufu, tafsiri."

"Anasema mzee asikasirike, kazi hii wanaifahamu vizuri. Hawakutengeneza kalibu mpya. Kalibu ya siwa walikuwa nayo tangu zamani, ilikaa tu kwenye rafu. Anasema..." Akasita. "Anasema ile sampo aliyoileta Mama, aliitambua siku ile ile alipoifungua. Ilitoka kiwandani kwao. Kuna alama ya baba yake ndani ya tundu. Anauliza, mbona mteja analia, na mteja wa kwanza aliipenda?"

Mwanahija aliacha kulia.

Alifikiria sanduku la Unguja lenye kufuli. Alifikiria kaka yake anavyovua viatu kabla hajalifungua. Alifikiria nyumba ya Mdogo ilivyokuja kuazima, harusi baada ya harusi, na yeye alivyowafanya wasubiri uani kwanza ili wajue nafasi yao. Zote hizo, kwa shaba iliyomwagwa Guangzhou. Tangu lini?

"Mteja wa kwanza ni nani?" aliuliza.

"Ni nani?" aliuliza Abdulsalam, kwa pumzi moja naye. Pengine ilikuwa mara ya kwanza tangu Mwana Tausi azikwe kwa nyumba hizi mbili kusema neno moja kwa pamoja.

Mikaeli hakuhitaji kutafsiri. Laoban Guo alishaelewa kutoka kwenye nyuso zao. Alitazama stoo nzima, akatabasamu kwa adabu kama anayesalimia mtu aliyekuwa anamhifadhia heshima mpaka aamue mwenyewe kusalimiwa, na akainamisha kichwa kuelekea kwenye boksi alilokalia Ilham.

Ilham aliinuka.

"Nilikuwa mwaka wa pili chuoni hapa," alisema. "Nilikwenda nyumbani likizo, Babu akanipa niisafishe. Akaniambia, hawa wanangu watagombana nayo mpaka waivunje, na wewe ndiye wa kike pekee uliyewahi kuniuliza habari za bibi yako mwenyewe. Iondoe. Nikaiondoa. Likizo iliyofuata nikarudisha hiyo mliyoizoea."

"Baba yangu?" Mwanahija alisema. "Baba yangu alijua?"

"Alinichagulia boksi la kuifungia."

"Na ya kweli iko wapi, Ilham?"

"Ninayo, Mama."

Alisema kwa upole, sauti ile ile aliyosemea kwamba wageni wana bahati. Akazipita siwa sakafuni, akiinua pindo la buibui asizikanyage, akaenda nyuma ya meza ya mama yake. Kiti kile hakikaliwi na mtu mwingine. Ilham akakikalia.

"Ami Abdulsalam," alisema, "umesema aliye na siwa ndiye mwenye kuruhusu ndoa."

Abdulsalam alitazama huku na huku. "Nimesema."

"Mbele ya mashahidi."

"Mbele ya mashahidi, mwanangu. Lakini mimi nilikuwa na maana..."

"Basi mpigie Abubakary simu. Aje aiombe ruhusa mwenyewe, asiombewe." Akalivuta gauni la harusi juu ya meza, akalinyoosha mkono kwa kiganja. "Na mwambie aje na mkewe."

Mwanahija alimgeukia Abdulsalam. Alisubiri amuulize Ilham anazungumzia mke yupi, kwa sababu baba wa kijana ndiye wa kuuliza.

Abdulsalam hakuuliza. Alivaa kofia yake, akaanza kutafuta kiti.